F ya Kulaza Kidole

Jumatatu, 9 Juni

Siku mbaya kuliko zote tangu nizaliwe hapa Mugoma! Mwalimu Eustakia wa kwaya ametangaza kuwa wimbo wa Jumapili, siku ya kuwapokea wageni wetu wa kwaya ya Runazi, utapigwa kwa F, na mpiga gitaa ni mimi. Siyo F ya watu wastaarabu. Ni ile ya kulaza kidole cha shahada juu ya nyuzi zote sita na kuzibana kwa pamoja. Nimelaza. Zimelia mbili. Nyingine zimekohoa.

Hapo Celestini, kijana aliyejiunga na kwaya mwezi jana, akaomba kushika gitaa. Akaipiga F huku anaongea na watu! Mwalimu akanigeukia, akasema nina hadi Jumapili. F yangu isipolia safi, gitaa ni la Celestini na mimi nahamia kwenye kayamba. Kayamba! Miaka kumi na mmoja nimelishika gitaa la kanisa hili. Kayamba wanapiga watoto.

Suzana, mke wangu, ameshauri nifanye mazoezi. Mwanamke huyu hana mbinu kabisa.

Jumanne, 10 Juni

Mbinu ya kwanza. Nimemweleza Mwalimu Eustakia, kitaalamu kabisa, kwamba F inakausha makoo, hasa kiangazi hiki cha vumbi. G ina afya zaidi. Amenisikiliza mpaka mwisho. Akauliza nimesomea wapi hayo. Nikasema yanajulikana tu. Akasema kama ninayajali makoo kiasi hicho, basi Jumapili nibebe ndoo ya maji ya waimbaji.

Nitaibeba. Lakini ajue nimechukia.

Jumatano, 11 Juni

Mbinu ya pili, kali. Celestini asiwepo Jumapili! Nimekwenda kwa bibi yake, Nyirabahizi. Nikampa shikamoo ya heshima zote. Nikamwambia mjukuu mwenye adabu msimu huu hashindi kwenye kwaya, anashinda shambani akimvunia bibi yake maharage, tena Jumapili ikiwemo. Bibi akaguswa mpaka machozi. Akasema Celestini alishavuna yote, yamebaki kupurwa tu, na bila shaka Mungu ndiye aliyenileta.

Akanipa fimbo. Nimepura maharage kuanzia saa tatu hadi saa kumi na moja! Celestini amerudi akanikuta nimejaa vumbi hadi kwenye nyusi. Amenishukuru sana, ameniita kaka, amejitolea kunifundisha F. Nimemwambia asijisumbue, ninaijua. Ni kijana mzuri, na hilo linaniudhi mno.

Alhamisi, 12 Juni

Nimeipata! Nilikuwa ninapima mlango wa mteja, penseli sikioni kama fundi yeyote. Penseli yetu sisi maseremala ni bapa na ngumu. Nikaitazama. Nikakitazama kidole. Kidole kinapinda, nyuzi zinajificha kwenye mikunjo. Penseli haipindi!

Nimeifunga chini ya kidole cha shahada kwa kipande cha tyubu ya baiskeli. Nikabana. Zote sita! Na ukisogea na umbo lilelile kupanda shingo ya gitaa, unazipata na zile sauti nyingine mbili za wimbo. Umbo moja, wimbo mzima! Kasoro ni ndogo tu. Tyubu ni kuukuu, inalegea, kwa hiyo inanibidi kukandamiza kwa nguvu zangu zote muda wote.

Ijumaa, 13 Juni

Mlango wa mteja haujaguswa. Saa sita nzima nimebana penseli. Kidole kimeota sugu kama kisigino. Suzana amesema kwa kubana huku, hata nikiiondoa hiyo penseli, F italia. Nimecheka. Mtu asiye fundi atasema lolote.

Jumamosi, 14 Juni

Mazoezi ya mwisho. Nimefunika mkono kwa leso, nikadai nimejikata na msumeno. F imelia. Mwalimu Eustakia ameinua kichwa kutoka kwenye karatasi zake, akaomba nirudie. Imelia tena! Celestini amepiga makofi kwa moyo wote. Hajui anaipongeza penseli.

Jumapili, 15 Juni

Mungu wangu! Kanisa limejaa mpaka madirishani. Runazi wamekaa mbele, na mpiga gitaa wao, Bulugu, pande la mtu, amekunja mikono kama mkaguzi. Tukaanza. Ubeti wa kwanza, safi. Ubeti wa pili, tyubu ikakatika! Leso upande huu, penseli upande ule, ikatua miguuni mwa mchungaji. Nikajua nimekwisha. Niliiona kayamba ikinijia.

Lakini waimbaji walikuwa wameshakolea na mkono wangu haukujua pa kusimama. Ukaendelea. F! Panda. Shuka. F tena! Nyuzi zote sita, wazi kuliko jana, beti tatu nzima na kiitikio mara mbili. Akina mama wakapiga vigelegele. Bulugu akasimama wima. Mchungaji akaokota penseli, akaandikia matangazo.

Mwalimu Eustakia amenipa mkono mbele ya watu wote. Amesema gitaa ni langu, na hajawahi kuona mtu akijifunza F ndani ya wiki moja. Nimelia. Mbele ya Runazi wote, nimelia kwa furaha na sioni haya.

Jumatatu, 16 Juni

Nimetafakari nilivyonusurika. Maelezo ni haya: penseli ilishaacha nguvu yake kidoleni, na nguvu hiyo ndiyo iliyonifikisha mwisho wa wimbo. Lakini ingeisha ubeti mmoja mapema, je? Hatari tupu! Nimenunua penseli mbili mpya na tyubu isiyo na kiraka, ili nisikandamize tena.

Celestini amepita kuniuliza siri. Ushindi umenilainisha moyo, nimemfunga moja. Amejaribu F. Imekataa, kwake, Celestini! Nikajifunga zote mbili mimi mwenyewe. Imekataa pia. Celestini akasema kwa upole labda tuzifungue.

Vijana wana haraka. Tatizo liko wazi kabisa. Zinatakiwa tatu.