Seremala Amefunguliwa

Jumamosi, 4 Mei

Shule imekwisha. Mama anasema ninajaza sebule bure. Nimejiunga na kikundi cha kanisa kinachotembelea wafungwa na familia zao. Nilitaka huduma isiyo na maneno mengi. Kumbe kazi yote ni maneno: kuhubiri, kuomba, kufariji. Mimi nikisimama mbele za watu sauti inanikimbia kama mtu aliyesahau jiko likiwaka.

Kwa hiyo napanga sabuni na miswaki kwenye mifuko.

Kiongozi wetu ni Mama Shemasi. Mpinzani wangu (si adui, tumeagizwa kupendana) ni msichana wa kwaya anayeitwa Sauti ya Kwanza. Yeye huruhusiwa kuomba kwa sauti mle gerezani na watu wazima hulia. Mimi nikifunga mfuko wa sabuni hakuna anayelia.

Nimeazimia kupewa sala niongoze. Hata fupi. Leo nimemwendea Mama Shemasi kumwomba. Nikasema shikamoo. Akasema marahaba. Nikaondoka.

Jumapili, 5 Mei

Nimeingia! Mmoja wetu ameshikwa na mafua, nikachukua nafasi yake. Afande wa lango alinipokonya simu, kitana na peremende.

Ndani kuna mfungwa anayeitwa Seremala. Mabenchi tuliyokalia kayatengeneza yeye. Tangu afungwe amekataa kumwona mkewe. Mke huja mpaka langoni siku za wageni, anaambiwa hatakiwi, anarudi. Mwenyewe anasema hataki aonekane na nguo zile. Pia alikuwa na chuki kubwa kwa bosi wake wa zamani, kiasi kwamba akipiga msumari humtaja jina.

Leo Mama Shemasi kamwekea mikono. Seremala akalia, akasema amemsamehe bosi, hata ile nusu ya chuki aliyokuwa ameibakiza. Watu wakapiga makofi. Mama Shemasi akasema huyu amefunguliwa, amefunguliwa kweli kweli. Kisha Seremala akaomba mkewe aambiwe kwamba sasa yuko tayari kumwona.

Nani atapeleka habari? Nikanyoosha mkono. Ujumbe wa simu hauhitaji sauti. Sauti ya Kwanza aligeuka kutazama huo mkono ni wa nani.

Jumatatu, 6 Mei

Rasimu ya kwanza ilikuwa ndefu, ina bosi na msumari. Nikapunguza. Nimebakiza uzuri mtupu: "Shikamoo Mama. Bwana asifiwe. Mume wako amefunguliwa jana mbele ya macho yetu. Alilia kwa furaha. Anakusubiri."

Amenipigia papo hapo. Sikupokea. Akapiga tena na tena. Nikaiweka simu chini ya mto mpaka ikatulia, kisha nikaandika: "Ni kweli kabisa. Amina."

Habari njema hiyo, na sijatamka neno hata moja. Hii ndiyo karama yangu.

Jumanne, 7 Mei

Nimempelekea mke wa Seremala mfuko wa sabuni. Ni fundi cherehani, anashonea hapohapo chumbani kwake. Sikuamini macho yangu. Kuta zinapakwa chokaa. Mpangaji wake wa chumba cha pili anatoa kitanda chake huku akinung'unika. Mama mkwe ameshafika na sanduku. Fundi mwenyewe yuko mashineni, anashona suruali mpya ya kiume.

Kuniona tu akanikumbatia mpaka nikachomwa na pini zake. Nikawaza, kumbe Injili ina nguvu hivi, hadi chokaa.

Akauliza kama mumewe amekonda. Nikasema ana amani. Akauliza tangu Jumapili analala wapi. Nikasema palepale, pamoja na ndugu. Akamgeukia mama mkwe, akasema mwanao huyu, yaani anaogopa kurudi kwake mpaka afuatwe? Mama mkwe akasema ni aibu tu ya kiume, watamfuata.

Nikasema itakuwa vizuri sana, anawasubiri. Nikanywa chai yao na kuongezewa.

Jumatano, 8 Mei

Nimefanya mazoezi ya kuomba mbele ya kabati. Halafu nikaenda kanisani kumsimulia Mama Shemasi mambo ya chokaa, ili anipe sala. Hakuwepo. Alikuwepo Sauti ya Kwanza. Nikaona si vibaya naye ajue. Nikamwonyesha ujumbe.

Akasoma. Akacheka mpaka akakalia katoni ya sabuni ikapasuka. Akaniuliza, mke wa mtu aliyefungwa akiambiwa mumewe amefunguliwa, ataelewa nini?

Nikafikiri. Nikakaa nami kwenye katoni.

Nimefikiria kumwandikia mkuu wa gereza amfungue Seremala kweli, mambo yaishe. Nimefikiria kuumwa. Nimefikiria kwenda kwa fundi kumweleza ana kwa ana, nikafika hadi kwenye kona, nikasikia mama mkwe anaimba, nikarudi. Mwishowe nimeandika: "Mama, kufunguliwa nilikosema ni kwa rohoni."

Akajibu: "Amina, na mwili pia. Kesho asubuhi tuko langoni na gari."

Alhamisi, 9 Mei

Nilitangulia langoni nikapange uso. Haukupangika.

Wakaja na pikapu ya kuazima, godoro jipya juu. Fundi kashika suruali kwenye henga, kaiinua isiguse vumbi. Mama mkwe kavaa viatu vya sikukuu. Afande akauliza wamekuja kumchukua nani. Akatajiwa. Akasema huyo bado ana miaka yake, tena si michache.

Nilikuwa nyuma ya pikapu. Fundi akanitoa kwa mkono, akasema binti huyu ndiye aliyewaambia.

Afande akaniuliza Seremala amefunguliwa na nani. Sauti ikaja, nadhani kwa hofu. Nikasema, Yesu.

Afande akauliza kama Yesu ameleta hati.

Hakuna aliyecheka. Fundi akaniachia mkono. Angenifokea ningeona nafuu.

"Mwanangu," akasema, "kwetu sisi mtu akifunguliwa anarudi nyumbani."

Akaketi kwenye ukingo wa barabara na ile suruali mapajani. Mama mkwe akavua viatu, akashusha godoro akalikalia.

Ndipo nikafanya jambo ambalo sikulipanga. Nikamwambia Afande, kwa sauti hafifu mpaka akainama, kwamba Seremala alisema yuko tayari kumwona mkewe. Hilo ni kweli tupu, alisema mbele ya watu. Afande akasema leo si siku ya wageni. Akaitazama suruali. Akaingia ndani.

Seremala akaletwa kwenye wavu. Wakatazamana. Hakuna aliyekumbuka salamu. Fundi akainyanyua suruali, akaibana kwenye wavu, akampima kwa macho kama wanavyofanya mafundi. Kiunoni ilizidi sana.

"Umekonda hivyo na hukutaka nije?"

Seremala akasema aliona haya. Fundi akasema haya hiyo haikumpikia mke wala mama mkwe. Halafu wote wawili wakalia, suruali katikati. Seremala akajifuta na mkono, akauliza kama itapunguzwa.

"Siipunguzi. Utanenepa."

Mama mkwe akataka kujua nani atalirudisha godoro juu ya gari. Nililirudisha mimi.

Jumamosi, 11 Mei

Mama Shemasi ameniita. Nilikwenda na mifuko yote ya sabuni niliyokuwa nayo nyumbani, nikijua nafukuzwa.

Hajanifukuza. Fundi mwenyewe kaniombea msamaha. Kasema mumewe kakubali awe anakuja kila siku ya wageni, na mpangaji keshabembelezwa kurudi, ila mimi nisitumwe tena na habari yoyote ile kwake, hata ya mvua. Mama Shemasi akanifundisha kwa upole: lugha ya kanisani si kila mtu anaijua, niseme mambo yalivyo. Na kila ujumbe nimwonyeshe kwanza.

Nimeelewa kabisa. Neno "amefunguliwa" nimelifuta maishani mwangu.

Jumapili, 12 Mei

Siku ya baraka! Kijana anayenyoa wenzake gerezani ameokoka leo. Mama yake anaishi mbali na hajui. Sauti ya Kwanza alitaka ampigie. Nikamwahi.

Sikumsumbua Mama Shemasi, alikuwa na wageni. Nimeandika mwenyewe, kwa uangalifu mkubwa, bila neno hata moja la kufungwa wala kufunguliwa: "Shikamoo Mama. Leo mchana kijana wako ametua mizigo yote ya dunia hii. Hana maumivu tena. Yuko mikononi mwa Bwana."

Mara hii hakuna wa kuelewa vibaya.

Na wameelewa! Amejibu mjomba wake. Jamaa wote wameitwa, turubai limefungwa uani, viti vimeazimwa mtaa mzima. Fundi alipaka chokaa tu. Mjomba anauliza wamfuate lini.

Nimemjibu wasiwe na haraka, huku kijana amehifadhiwa vizuri.