Upepo wa Raskazone Wapangiwa Daraja

Kuanzia Jumatatu ile, upepo wa bahari wa mtaa wa Raskazone ukawa mali yenye thamani. Tangazo lilipita mitaani kwenye bajaji yenye spika mbili. Alilisoma Kaimu Mratibu wa Kitengo cha Tathmini ya Soko la Nyumba mwenyewe, Bwana Godlisten, kwa kuwa msomaji aliyepangwa alicheka kwenye aya ya kwanza na kushindwa kuendelea.

"Wananchi mnaarifiwa," ilisema bajaji, "kwamba upepo si wa bure tena. Tulieni."

Watu wakatulia. Hawakujua wafanye nini kingine.

Chanzo kilikuwa kesi. Bi Zohra, mwenye duka la vitambaa, alimshtaki binamu yake Sibtain kwa kujenga ukuta uliomzibia upepo barazani. Kesi ilikwenda miaka sita, mpaka mashahidi wakasahau walikuwa upande wa nani. Mwisho binamu wakachoka, wakapatana mbele ya hakimu: Sibtain atatoboa matundu kumi na mawili ukutani, naye Bi Zohra ataacha kumwita "zege" mbele za watu. Wakaondoka mahakamani kwa gari moja, wakaenda kunywa chai.

Mtu mwingine angeona ndugu wamepatana. Godlisten aliona sera.

"Suluhu imesajiliwa," alimweleza mkewe, Mama Blessing. "Maana yake upepo una mwenyewe. Chenye mwenyewe kina thamani. Chenye thamani kinaingia kwenye kodi ya nyumba."

"Na ugali unapoa," alisema Mama Blessing.

Baada ya wiki mbili Kitengo kilikuwa na Mwongozo, na kifaa: kipande cha kanga kilichofungwa kwenye fimbo. Kikishikwa dirishani kikapeperuka, hilo ni Daraja la Kwanza, na kodi inapanda kwa nusu. Kikicheza kidogo, Daraja la Pili, kodi palepale. Kikining'inia, Daraja la Tatu: kodi inashuka, na aliyeuziba upepo atafutwe, atoboe. Kifungu hicho cha mwisho Godlisten alikipenda mno. Alikipigia mstari mara mbili.

Soko likachangamka. Wenye nyumba waling'oa mapazia, wakakata michungwa, wakatoboa kuta. Mmoja wa Pongwe, ambako bahari husikika kwenye redio tu, aliomba alipwe fidia ya kuusubiri upepo. Mzee Uweso, mwenye vyumba sita vya kupangisha, hakukata mti wowote. Siku ya ukaguzi alijibanza nyuma ya kabati la mpangaji wake akiwa na feni.

Mpangaji huyo, Bibiana, alikuwa kazini, jikoni kwenye shule moja ya hapo mtaani. Jioni alikuta kibandiko mlangoni: Daraja la Kwanza. Kodi ya elfu sitini ilikuwa imefika tisini. Kesho yake asubuhi alikuwa ofisini kwa Godlisten.

"Baba, chumba changu hakijawahi kuona upepo. Nikitaka hewa natoka nje."

"Kifaa kilipeperuka, mama."

"Kilipepewa! Umeme niliununua juzi, jana nakuta umekwisha. Upepo gani unaokula umeme?"

Godlisten hakuwa mtu mbaya. Aliupenda ukweli, mradi uletwe kwa maandishi. Bibiana akaandika, Godlisten akapokea, akabeba fimbo na kwenda mwenyewe. Safari hii alichungulia kwanza nyuma ya kabati. Kanga ikaning'inia kama soksi iliyoanuliwa mbichi.

"Daraja la Tatu," alitamka. "Kodi elfu arobaini."

Mzee Uweso akakohoa mpaka akashika ukuta.

"Ahsante, baba. Mimi nimeridhika, tuishie hapa," alisema Bibiana.

"Haiwezekani. Upepo haupotei, mama, upepo huzibwa. Mzibaji lazima apatikane."

Akajaza Amri ya Kutoboa palepale: matundu ishirini, bila rufaa. Akasaini, akagonga muhuri, nafasi ya jina akaiacha wazi. Kisha akaelekea baharini, fimbo juu, majirani nyuma yake. Kila alipopita kanga ililala. Alipofika barazani kwa Bi Zohra akasimama.

"Shikamoo, Bi Zohra."

"Marahaba. Unatafuta nini na bendera hiyo?"

"Mzibaji."

"Nenda mbele tu, mwanangu," alisema Bi Zohra. Akabeba kiti chake, akafuata.

Walikoma kwenye ghorofa moja mpya, pana, ambayo plasta yake ilikuwa haijakauka vizuri. Upande huo wa mtaani kanga haikutikisika. Godlisten alizunguka upande wa bahari. Kanga nusura imponyoke. Alikuwa bado anatabasamu kwa ushindi pale geti lilipofunguliwa.

"Baba Blessing," alisema mkewe, "mbona leo umepitia nyuma? Na hawa wote ni wageni wako?"

Godlisten akashusha fimbo. Nyumba ile aliijenga mwenyewe kwa miaka tisa, tofali kwa tofali.

"Labda watumishi wa umma wana msamaha," alisema Mzee Uweso, kwa huruma ya kinafiki.

Godlisten akafungua Mwongozo. Pendekezo la msamaha lilikuwepo kweli, ila lilikuwa limekatwa kwa kalamu nyekundu, na pembeni kwa mwandiko wake mwenyewe pameandikwa: "Hapana. Haki kwa wote." Akaandika jina lake kwenye amri, majina yote matatu, kama fomu ilivyotaka.

Fundi Luka alianza Alhamisi. Tundu la tisa lilitokea sebuleni, la kumi na nne jikoni. Upepo ukaingia, ukapapenda, ukakaa; upande wa pili haukutoka hata wa kuzima kibatari. Nakala za Mwongozo zilionekana zikipita juu ya paa la jirani. Mama Blessing alivumilia mpaka ugali ulipoingia mchanga.

"Mimi na mtoto tunakwenda kwa mama, Muheza," alisema. "Tutarudi nyumba ikifunga mdomo."

Lakini amri haikuwa na kifungu cha kuziba. Kitengo kikatangaza kwamba tathmini imesitishwa kwa sababu za hali ya hewa.

Jumamosi Godlisten alibisha hodi kwa Mzee Uweso, nywele zimesimama, akaomba chumba. Mzee akamwonyesha kilichopakana na cha Bibiana, akawasha kiberiti. Moto ukasimama wima.

"Unaona? Hata buibui wa humu hayumbi."

"Kiasi gani?"

"Laki na ishirini."

"Laki na ishirini! Mzee, hiki si Daraja la Tatu?"

"Hiyo zamani. Sasa mtaa mzima mmeutoboa. Chumba kisicho na upepo ni hiki na cha Bibiana, na Bibiana hatoki."

Bibiana alikuwa mlangoni akimenya viazi. Akamsogezea kigoda.

"Kaa ulipe, baba," alisema kwa upole. "Ukifikiri sana ataongeza."

Godlisten akakaa, akatoa pochi.