Mfungo wa Yezebeli

Alhamisi, 29 Februari

Dhuluma! Kamati ya mfereji imeamua kwamba mwindaji wa panya-maji wanaotoboa kingo awe mmoja tu. Eti wiki iliyopita mbwa wangu na mbwa wa Thayne Allred waligombana, na panya-maji wakapita kati yao wakiogelea kwa starehe. Nani alianza? Mbwa wa Thayne. Nani hakuulizwa? Mimi.

Babu yangu alichimba mfereji huu kwa sepetu. Babu yake Thayne alikuja ukiwa tayari una maji.

Jaribio ni Jumatatu, mbele ya Ndugu Garn Whitlock, msimamizi wa mfereji. Atakayeshindwa asionekane tena ukingoni na minki, yule mnyama mdogo mla nyama tunayemtuma shimoni amfukuze panya-maji nje, mbwa amdake. Nilipomweleza mke wangu Arvilla, hakunihurumia hata kidogo. Alisema minki asiye na kazi hakai nyumbani kwake. Ananuka, na ameshamng'ata mara mbili. (Ndiyo maana ni yeye aliyempa jina la Yezebeli.) Nikishindwa, Yezebeli ataenda Idaho kwa binamu yake Arvilla, anayefuga minki kwa ajili ya manyoya.

Manyoya! Niliyemlea tangu hajafumbua macho, awe kola ya koti!

Ijumaa, 1 Machi

Mazoezi. Rowdi, mbwa wangu, alinusa ukingo akasimama penye shimo lenye mwenyeji. Yezebeli akaingia, mwembamba kama kicheche. Panya-maji akachomoka kwa mlango wake wa majini, Rowdi akamdaka. Kazi safi. Kisha nikamwona Thayne darajani. Alinipongeza kwa sauti ya mtu anayemsifu mtoto aliyejifunga viatu mwenyewe.

Nikamuuliza hali ya Debora, minki wake. Akasema anaendelea tu, akageuza uso. Anaficha mbinu!

Nimewaza hadi chai ya mitishamba ikapoa. Minki aliyeshiba hafanyi kazi. Anaingia shimoni, anajikunja, analala kama shemeji aliyekuja kwa siku mbili. Ndiyo maana kila asubuhi nampima Yezebeli kwenye mizani ya jikoni. (Arvilla hajui.) Basi dawa ya Debora ni shibe.

Jumamosi, 2 Machi

Mchana Thayne alikwenda mazoezi ya kwaya. Mimi pia ni mwanakwaya, sauti ya besi. Niliomba udhuru wa koo.

Nikapita nyuma ya ghala lake na bakuli la maini ya kuku. Debora alikuwa amejikunja pembeni, chakula chake kikavu hakijaguswa. Nyodo! Nikamwekea maini. Akanusa. Akala yote. Akalamba bakuli, akalamba kidole changu, kisha akaking'ata.

Arvilla aliuliza maini yake yamekwenda wapi. Nikamkumbusha kwamba mfungo wa kanisa unaanza jioni hii, maini ya nini? Akasema hajawahi kuniona nikiuwahi mfungo. Nikaenda kuosha bakuli. Mwanamkakati haachi ushahidi.

Jumapili, 3 Machi

Naandika kwa hasira.

Jumapili ya kwanza ya mwezi, kanisa zima tumefunga. Nimeketi na tumbo tupu na moyo mtulivu. Askofu akakaribisha shuhuda. Thayne akasimama.

Alisema Debora wake aligoma kula wiki nzima, tangu ahamishiwe banda jipya. Daktari wa mifugo alishindwa. Alikuwa ameshaamua kujitoa kwenye jaribio! Akaona afunge na kuomba kwa ajili ya kiumbe huyo mdogo.

"Na jana, ndugu zangu," akasema, "kabla hata sijaanza kufunga, nilimkuta anarukaruka, tumbo limejaa. Nani alimlisha? Mimi namjua."

Nikainamia kitabu cha nyimbo. Akanyoosha kidole juu, darini.

Watu wakatoa leso. Arvilla alilia. Kisha akaacha kulia, akaitazama plasta kwenye kidole changu.

Muujiza ni wangu, na siwezi kuudai! Nani ameonewa hivi katika bonde hili?

Lakini sikukata tamaa. Debora amepata nguvu. Yezebeli lazima apate ukali. Katika nyumba hii amefunga kila mtu isipokuwa yeye. Basi naye afunge. Jioni, tulipofungua kwa viazi vya jibini, alikuwa anatafuna waya wa banda. Vizuri. Huo ndio ukali ninaoutaka.

Jumatatu, 4 Machi

Thayne alitangulia. Debora akaingia shimoni, panya-maji akatoka, mbwa akamdaka. Shimo la pili, vivyo hivyo. Aliyeshiba, anafanya kazi! Hana haya.

Zamu yangu. Yezebeli aliruka toka mikononi kama risasi. Kimya. Rowdi akainamisha kichwa kulia. Kimya. Akainamisha kushoto. Nikaeleza kwamba huo ni utulivu wa mtaalamu. Ndugu Garn akalala kifudifudi, akaweka sikio chini.

"LaMont," akasema, "huyu anatafuna."

Nikasema yuko kazini.

"Kazini, ndiyo. Na sasa anakoroma."

Alimuua panya-maji humo humo, akamla, akalala juu ya mabaki. Nikaita. Nikapiga filimbi. Nikaimba. Mwishowe nikachukua sepetu nikachimba. Ni haki yangu; babu alichimba! Nilipomfikia, ukingo ulikuwa na shimo ambalo ndama angepita.

Ndugu Garn aliliangalia sana lile shimo. Akasema panya-maji wa mfereji mzima hawajawahi kufanya hivyo kwa miaka yote aliyokaa hapa, na maji mengi ya umwagiliaji yakifunguliwa sasa, shamba la askofu litakuwa ziwa. Nikasema basi asiyafungue.

Nimeliziba hadi jua likazama. Thayne alisaidia. Sikumwomba.

Jumanne, 5 Machi

Mfereji amepewa Thayne. Arvilla ameshampigia simu binamu yake. Atapita Jumamosi na kizimba.

Adhuhuri Thayne akaja. Ameisihi kamati, nao wamekubali nijaribiwe tena Ijumaa, kwenye mtaro wa chini, ambako hata nikibomoa ukingo hakuna shamba la kufurika. Nikifaulu, mtaro ni wangu, na Yezebeli anabaki. Huruma! Kutoka kwa mtu aliyepata muujiza wake kwa maini yangu!

Mlangoni akageuka. "Ndugu LaMont, usinichukie kwa kusema. Mpe chakula kidogo kabla ya kazi. Wangu alipokula ndipo alipoamka."

Hata Arvilla alitikisa kichwa kukubali.

Ati nimlishe! Mtu mzima, tena wa kwaya, anakuja mlangoni kwangu kunihujumu mchana kweupe. Nimemshukuru kwa adabu, nikafunga mlango, nikakaa na kalamu kuchunguza lilipotokea kosa.

Nimelipata. Mfungo ulikuwa mfupi. Safari hii unaanza leo.