Ombi la Lambo kwa Wageni wa Umoja wa Mataifa

Jumatatu, 16 Agosti 1954
Ni kweli! Ijumaa wageni wa Umoja wa Mataifa watapita hapa Didia kusikiliza shida zetu. Ombi langu tayari, kurasa kumi na moja. Tunataka lambo la kukinga maji ya mvua. Mke wangu Mbuke na wenzake wanachimba mchanga mtoni tangu alfajiri ili wapate ndoo moja ya tope. Binti yetu Klara ameacha shule amsaidie mama yake. Jambo hilo linaniuma kweli. Ila Maganga, karani wa pamba, naye kaandika ombi la lambo, tena kwa taipu. Anajidai sana. Wageni watamsikiliza nani? Mwenye watu wengi, bila shaka.

Jumanne, 17 Agosti
Nimekwenda kwa mzee Bujiku, mkuu wa wacheza ngoma wa Bagalu. Nimemwamkia kwa adabu zote, nikamwomba Ijumaa alete kundi zima livute watu upande wangu. Kakubali kwa kuku wawili. Mbuke kauliza kwa nini mimi na Maganga tusisome ombi moja, maana lambo ni lile lile. Hajui siasa.

Jumatano, 18 Agosti
Maganga kawaita Bagika. Hao ni mahasimu wa Bagalu tangu enzi za babu zetu. Wakikutana, anayevuta watazamaji wengi ndiye mshindi, na hakuna anayekubali kushindwa. Nimecheka peke yangu. Watu watakuwa maradufu.

Ijumaa, 20 Agosti
Aibu tupu. Wageni walifika saa nne, nikaanza kusoma. Bagalu wakapiga ngoma kushoto, Bagika wakajibu kulia, umati ukawa unakimbia huku na huku. Ukurasa wa pili nimebaki na Maganga tu, naye anasoma la kwake. Wageni wenyewe wako kwa Bagika wanapiga picha. Nilipaza sauti mpaka ikakauka.

Ndipo wanawake wakatokea mtoni, ndoo kichwani. Mbuke akamsogelea mgeni mmoja mzee mwenye miwani, akamwonyesha maji. Mzee akachungulia. Kupitia mkalimani akauliza kama ni ya kukandikia nyumba. Mbuke akajibu ni ya kunywa. Wageni wote wakaiacha ngoma, wakamfuata mtoni kwa miguu. Walirudi wana vumbi hadi magotini, wanaandika.

Jumamosi, 2 Oktoba
Wapimaji wamefika! Wamepigilia vigingi bondeni, lambo linachimbwa kabla ya masika. Klara kafua sare yake ya shule, kaianika mbele ya nyumba. Nilipoiona nilitokwa na machozi.

Maganga anasema ni taipu yake. Nimemwambia ni Bagalu wangu. Mbuke katutazama, kajitwisha ndoo, kaenda zake.

Sasa ni zamu ya zahanati. Nimeshaandika kurasa ishirini na mbili. Safari iliyopita kosa lilikuwa moja tu: watu walikuwa na pa kukimbilia. Kesho naenda kwa Bayeye, wacheza na nyoka. Safari hii nasomea ndani, darasani; wao nitawapanga mlangoni, nyoka wote nje ya vikapu, kisha nisome taratibu. Hatoki mtu.