Sarafu Iliyokosa Kosa

Jumatatu, 6 Oktoba 2025
Aidah, mke wa mwanangu, ameanza tena habari ya kabati. Duka la ushonaji ni lake, sawa. Lakini kabati la vioo ni langu, na ndani ziko sarafu zangu zote, mpaka zile za Mbelgiji zenye tundu. Ameniambia, kwa adabu lakini, kwamba Baba, kama mpaka Jumamosi hatasimama hata mteja mmoja kuziangalia, vitenge vinaingia na sarafu zinarudi kwenye kopo. Kopo! Mimi ambaye Nyamirambo nzima hakuna mkusanya sarafu anayenifikia. Kweli tulikuwa wawili tu, na mwenzangu alihamia Huye.

Shafiq wa simu, ng'ambo ya barabara, alisikia akacheka. Anasema siku hizi hata muuza ndizi analipwa kwa simu, nani ataangalia chuma.

Jumanne, 7 Oktoba
Redio imenipa akili. Kumbe huko Ulaya sarafu ikitoka kiwandani na kosa, watu wanaigombania kama nyama ya Idi. Nikawaza, basi si serikali ikosee kwa makusudi? Mara moja moja tu. Kila mtu angekagua chenji yake kama daktari. Nikamweleza Shafiq. Akasema kosa la makusudi si kosa, ni biashara. Kijana ana wivu.

Wakubwa wana kazi nyingi, nitawaonyesha mfano. Nikapanda moto, pikipiki ya abiria, mpaka Sonatubes kwa Cyriaque, anayegonga majina ya watu kwenye vishikio vya funguo, herufi moja moja kwa nyundo. Nimeagiza sarafu za shaba za chama changu cha wakusanya sarafu. Si pesa, mimi si mjinga wa kulala ndani. Ziandikwe jina la mtaa wetu, NYAMILAMBO. Kwa L. Kosa safi. Cyriaque aliisoma karatasi yangu mara mbili, akauliza kosa liko wapi.

Ijumaa, 10 Oktoba
Baada ya swala nimezigawa bure mlangoni mwa msikiti. Nikawaambia tafuteni kosa. Wakageuza, wakanusa. Mzee mmoja akasema kosa ni kukosa tundu la kupitisha kamba. Wengine walisoma kwa sauti, Nyamilambo, Nyamilambo, vizuri kabisa, kisha wakaniuliza kama ninalala vizuri siku hizi. Shafiq alichukua yake bila kuisoma, akatia mfukoni. Akasema Muzehe, wewe ndiye wa kwanza kukosea bila kukosea. Watu walicheka mpaka wakashikana. Sikuona cha kuchekesha.

Jumamosi, 11 Oktoba
Asubuhi kaja mwalimu Umulisa wa Remera kuchukua gauni lake. Amekulia Uganda huyu, si kama sisi hapa ambao L na R midomoni mwetu ni kitu kimoja, na anasoma kila kitu mpaka karatasi ya sabuni. Akaishika sarafu niliyompa Aidah, akasema hapa wamekosea, inatakiwa R. Nusura nimkumbatie.

Halafu akavuka kwa Shafiq kununua salio, akamtaka na yeye atoe yake. Ina R! Cyriaque alijisahau akagonga moja sawasawa. Basi mtaa wote ukatoa sarafu mfukoni kulinganisha. Madereva wa moto wakasimama, fundi viatu akaacha kiatu cha mtu. Wote wanaitaka ile ya R. Mimi nikaelewa kabla ya wote: niliagiza kosa, hii imekosa kosa, kwa hiyo yenyewe ndiyo kosa. La kweli kabisa, wala si la makusudi.

Shida moja tu, watu walijaa kwa Shafiq. Nilimwomba anirudishie. Akasema zawadi hairudi, Muzehe, akaiweka kwenye kioo chake katikati ya makava ya simu. Aidah alisimama mlangoni, futi shingoni, akatazama kabati langu, akatazama ng'ambo. Jioni vitenge vikaingia.

Jumapili, 12 Oktoba
Sarafu zangu ziko kwenye kopo, juu ya kabati. Aidah anasema pale juu ndipo pa heshima. Nimekubali, maana ni kweli.

Nimewahi Sonatubes. Kama mtaa mzima unaitaka ya R, dawa ni rahisi: nimeagiza gunia zima la R, kila mtu apate ya kwake iliyo adimu. Cyriaque akauliza safari hii kosa aliweke wapi. Nikamwambia asikosee hata moja, kila moja iwe kosa. Akaweka nyundo chini, akaomba nirudie polepole.

Nikarudia, nikarudia, mpaka akaanza kugonga. Nyumbani nimemwambia Aidah asilizoee lile kabati.