Ulimi wa Maabara na Karoti za Dada Yake

Duniani nimeona ulimi mmoja tu ulioheshimiwa kuliko mwenye nao, nao ni wa jamaa tuliyemwita Maabara.

Kazi yake ilikuwa kuonja udongo. Ndiyo, kuonja! Anachota kidogo kwa kidole, anafumba macho, analamba, kisha anatangaza kama hakimu: "Hapa mahindi. Hapa mihogo. Hapa jenga choo." Na watu wanatii! Mimi mwenyewe, ambaye darasani nilipita kama mtu anayekwepa mvua, nilimwacha alambe ua wangu mzima.

Basi dada yake, mjane, alikuwa na kipande kimoja tu cha ardhi nyuma ya nyumba. Fundi matofali akaja kutaka kukikodi achimbe udongo. Dada akasita. Akichagua vibaya, msimu ule watoto wake watakula hewa. Akamwita kaka mtu.

Kaka akaja na viatu vyeupe, vipya, vinavyong'aa kama meno ya kuazima. Dada akaingia jikoni kuchemsha chai. Maabara akalitazama shamba lililolowa, akavitazama viatu, akalitazama tena shamba. Chai ilipotoka, yeye alikuwa amesimama palepale kizingitini, anajilamba kidole.

"Tifutifu!" akapaza sauti. "Laini kama keki! Unapitisha maji, una rutuba! Panda karoti, dada yangu. Zitashuka mpaka zichungulie upande wa pili wa dunia!"

"Umeshaingia shambani, kaka?"

"Nimeshamaliza! Daktari hupima tone la damu, hamkamui mgonjwa!"

Fundi matofali akaambiwa aende zake. Karoti zikapandwa.

Mvua ikanyesha, maji yakatuama shambani kama yamepewa hati ya kiwanja. Jua likawaka, ardhi ikakauka na kupasuka kama kisigino changu. Mvua ikarudi.

Siku ya kuvuna, Maabara akaja na wageni, wenye mashamba waliotaka nao walambiwe. Viatu vyeupe miguuni. Dada akang'oa karoti ya kwanza. Fupi, nene, imejikunja kama kidole kilichobanwa na mlango.

"Hiyo ya pembeni!" Maabara akacheka. "Bora ziko katikati. Nitazameni!"

Akaingia kwa madaha. Hatua ya kwanza, kifundo cha mguu. Ya pili, magoti! Akavuta mguu huu, ule ukazidi kuzama. Viatu vikaaga dunia.

"Dada! Huu ni mfinyanzi!"

"Kumbe! Sasa ule tifutifu uliuonja wapi?"

Wageni wakamtazama.

"Pale... mlangoni."

"Mlangoni wapi? Kwenye ndoo yangu ya maua? Kaka! Udongo ule nimeununua kwa wauza miche!"

Wageni wakaanza kuondoka mmoja mmoja, wakijifanya wamesahau kitu nyumbani. Fundi matofali alikuwa anapita njiani na mkokoteni wake. Dada akampungia mkono.

"Fundi! Bado unalitaka shamba?"

"Mama, hata leo! Udongo unaonata hivyo ndio tofali lenyewe."

"Basi chukua. Watoto wangu wapate kula."

"Dada," Maabara akalalama, "nitoeni kwanza!"

"Tulia, kaka. Msimu mzima, wewe ndiye mmea pekee ulioshika mizizi hapa."