Saa Moja na Nusu Kutoka Same Hadi Mpanda

Chome, Same.

Kwa Mwenye Tovuti ya Kupima Umbali wa Viwanja vya Ndege,
kwa mkono wa Mhariri, kwa kuwa tovuti yako haina sanduku la posta.

Ndugu,

Salamu kutoka milimani, ambako mvua imenyesha vizuri na barabara imeondoka nayo. Mimi ni mwalimu mstaafu wa jiografia. Nakuandikia kwa heshima kukuomba unirudishie umbali wangu.

Dada yangu mkubwa, Fortunata, aliolewa Mpanda. Miaka yote amenialika, nami nimemjibu kwamba Mpanda ni mbali. Jibu hilo lilitutosha sote, hadi binti yake Ikupa alipofungua tovuti yako akamsomea: kutoka kiwanja cha Same hadi cha Mpanda ni kilomita mia saba na themanini hivi, saa moja na nusu angani. Dada akanipigia simu. "Sadock, hata ibada yenu ya Jumapili ni ndefu kuliko hapo. Mimi nazeeka. Kama hunitaki, sema." Tangu siku hiyo hapokei simu zangu.

Malalamiko yangu ni haya:

1. Umetaja muda wa ndege bila kutaja ndege. Niliteremka kukitazama kiwanja chetu. Abiria niliowakuta ni mbuzi, nao hawakuonyesha haraka ya kwenda Mpanda.

2. Umepima kwa mstari ulionyooka. Kwetu kilichonyooka ni mgomba tu, nao ukizaa huinama. Kutoka Chome hadi Vudee kunguru huvuka kabla chai haijapoa. Mimi huondoka asubuhi nikawakuta wenyeji wanaosha vyombo vya mchana. Mlimani umbali haupimwi kwa rula, hupimwa kwa magoti.

3. Safari yako inaanzia kiwanjani, yangu inaanzia mlangoni. Asheri, dereva wangu wa bodaboda, huzima injini kwenye mteremko ili kuokoa mafuta, kisha tunasali, yeye Kikatoliki, mimi Kilutheri. Muda huo umeuandika wapi?

4. Kwa hiyo naomba ulete ndege. Kama hilo ni gumu, ongeza kilomita. Elfu tatu zitanitosha. Na ukiweza, weka bahari katikati. Dada yangu haogopi milima, lakini bahari anaiheshimu.

5. Yote yakishindikana, iondoe Mpanda kwenye tovuti hadi sisi wawili tupatane.

Nisalimie nyumbani kwako, wapimaji wenzako, na rubani yeyote utakayekutana naye.

Wako mwenye magoti mabovu na subira nzima,
Mwalimu Sadock Mbwambo

Nyongeza: Tafadhali usishughulikie barua hii. Nilikuwa natafuta bahasha mlango ukabishwa. Alikuwa Fortunata, ameshika fimbo, na nyuma yake Asheri na mfuko wa mchele. Nikamwamkia shikamoo. "Marahaba," akasema. "Nimekuja kuona ni ugonjwa gani unaokuzuia." Nikamweleza habari za mstari ulionyooka. Akanisikiliza hadi mwisho, kisha akauliza kama nyumba hii ina chai. Alipokwisha kunywa nikamuuliza, mabasi yote hayo na pikipiki, njia ilikuwaje?

"Ni mbali sana, mdogo wangu," akasema. "Ndiyo maana nimekuja."

Jumatatu anarudi kwa basi. Tangawizi ya kupeleka Mpanda nitaibeba mimi. Kilomita ziache kama zilivyo.